Mwezi Ukiinama, Je, Humwaga Mvua?

Jumapili hii naomba tutoke nje kidogo tutazame juu.

Ilikuwa jioni ya Ijumaa ya mwisho ya Septemba 2022. Nilikuwa nimetoka mjini Embu na binti yangu wa miaka minane kwenda Mbeere kumjulia hali mama. Giza lilikuwa linaingia. Mtoto akautazama mwezi mchanga, akaniuliza, "Mama, mbona mwezi wa huku umelala? Wa kitabuni umesimama."

Kabla sijafungua kinywa, nyanya yake alidakia: "Haujalala tu, mjukuu wangu. Umeinama. Ukiinama hivyo unamwaga maji. Wiki ijayo tunapanda."

Moyo ulinishtuka. Ghalani alikuwa amebakisha debe moja tu la mbegu za ndengu. Nyingine zilikuwa zimeozea au kukaukia udongoni misimu iliyotangulia.

Tuanze na swali la mtoto. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Huangazwa na jua, na upande unaong'aa ni ule uliolielekea jua. Jioni, jua limetua magharibi na liko chini, nao mwezi mchanga uko juu yake. Kwa hivyo kinachong'aa ni tumbo la chini, na sisi huona bakuli, au mtumbwi. Jaribu jikoni. Shika chungwa juu, kisha mwambie mtoto alimulike kwa tochi kutoka chini.

Hapa kwetu jua hushuka wima, na ndiyo sababu giza huingia upesi. Ukisafiri kutoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes na Chuka, ukishapita Nkubu utaona kibao cha ikweta kando ya barabara. Embu yenyewe iko nusu nyuzi tu kusini mwa mstari huo. Kule Uingereza jua hutua kimshazari, na mwezi mchanga huwa ubavuni mwake kuliko juu yake, kwa hivyo hung'aa upande na kuonekana umesimama. Wengi waliochora vitabu tulivyosomea walichora mwezi wa kwao. Sioni kwa nini watoto wetu waendelee kuuchora huo ilhali wa kwao uko hapo mlangoni.

Sasa turudi kwa nyanya, maana hakuwa anabuni. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama nyuzi 23 na nusu, kwa hivyo njia ambayo jua na mwezi hupitia angani haikai namna moja mwaka mzima. Kwenye ikweta, mwezi wa Juni na Desemba, njia hiyo husimama karibu wima jua linapotua, na mwezi mchanga hulala sawasawa kama bakuli mezani. Machi njia huegemea kaskazini na bakuli huinamia kulia kwa mtu anayetazama magharibi. Septemba huegemea kusini, nalo bakuli huinamia kushoto. Mwezi nao huongeza au kupunguza nyuzi kama 5, kwa kuwa njia yake haifuatani kabisa na ya jua. (Nyuzi hizo 5 ndizo zinazotunyima kupatwa kwa jua kila mwezi. Wengi wetu twakumbuka asubuhi ya Januari 15, 2010, jua lilipogeuka pete.)

Hebu tazama kalenda. Machi 20 au 21, na tena Septemba 22 au 23, jua huwa juu ya utosi wa mtu wa Nkubu. Mwendo wa saa sita na nusu mchana kivuli chake hujificha chini ya nyayo. Si saa sita kamili, kwa sababu saa ya Kenya hufuata mstari ulio mashariki yetu. Ardhi hupata joto, hewa hupanda, na ukanda wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa majuma machache. Ndipo tunapata masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mbeere na Tharaka mkulima huitegemea zaidi ile ya vuli.

Waona basi? Mwezi huinama na mvua hukaribia katika majira yale yale, kwa kuwa yote mawili yametokana na ule mwinamo wa Dunia. Macho ya nyanya yaliona kweli. Lakini jogoo naye huwika kila alfajiri, na hakuna anayedhani kwamba ndiye anayelivuta jua.

Mwezi uliinama Septemba 2020, vuli ikakosa. Ukainama 2021, ikakosa tena. Masika ya 2021 na ya 2022 nayo yalikuwa haba. Kisa chake kilikuwa mbali na mwezi. Maji ya Bahari ya Pasifiki katikati na mashariki yake yalikuwa yamepoa kuliko kawaida, hali iitwayo La Niña, na mvua ambayo ingetufikia ikabaki upande wa Indonesia.

Nilimweleza mama hayo yote usiku ule, kwa chungwa na tochi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa huyo La Niña mnamwonea wapi?"

"Haonekani, mama. Anapimwa baharini."

"Basi heri mwezi wangu. Huu ninauona."

Hata hivyo alikuwa amesikia redioni kwamba Idara ya Hali ya Anga imetabiri vuli haba. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe akaligawa lile debe, nusu ya kupanda na nusu ya kuweka, na pale alipotaka kupanda mahindi akakubali kutia mtama.

Mvua ilinyesha siku chache mwezi wa Novemba, kisha ikakatika. Ndengu zilitoa maua, zikakauka na maua yake. Ukawa msimu wa tano mfululizo wa mvua haba nchini. Mtama ulimpa kidogo. Ile nusu debe ilikaa mtungini, imechanganywa na majivu ili wadudu wasiile, na hata masika yalipofika hakutaka kubahatisha nayo. Aliipanda Oktoba 2023, mwaka wa El Niño, mvua iliponyesha kwa fujo hata barabara na madaraja yakasombwa sehemu nyingi za nchi.

Mwezi wa Septemba mwaka huo ulikuwa umeinama kama kawaida yake. Mama alinipigia simu kunikumbusha.