"Bei Inboksi" Iliniumiza Mkono

Wadau, leo siongelei matangazo wala bando. Naongelea dole gumba.

Nauza vitenge mtandaoni, peke yangu. Nilishika ule ushauri kwamba bei haiwekwi kwenye posti, mteja aje inboksi. Basi kutwa nzima naandika bei ileile, "ndiyo dada, bado ipo", simu mkono mmoja. Jioni mkasi na solotepu, nafunga mizigo.

Yakaanza maumivu kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Nikasema uchovu tu, nikameza dawa, nikaendelea. Wiki ya sita siwezi kufungua chupa wala kukata kitambaa. Oda zikalala, wateja wengine wakahama.

Daktari akanieleza: kano za dole gumba zinapita ndani ya ala, kama kisu kwenye ala yake. Ukirudia kazi ileile bila kupumzika, ala inavimba na kubana, kano zikipita zinasuguana nayo. Unaitwa ugonjwa wa de Quervain, jina la daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Kina mama wenye watoto wachanga nao huupata, kwa kumnyanyua mtoto mara kwa mara.

Nilipumzisha mkono na kuvaa kifaa cha kuzuia dole gumba lisicheze. Wengine huchomwa sindano ya kupunguza uvimbe, wachache hupasuliwa. Mimi nilichelewa, nikapoteza mwezi wa mauzo.

Sasa maoni yangu, na najua wapo watakaobisha: kuficha bei ni kujiongezea kazi ya bure. Weka bei, saizi na nauli palepale kwenye posti. Maswali yanayojirudia, yahifadhi kama majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business. Maelezo marefu tuma kwa sauti. Simu iweke mezani, andika kwa mikono miwili. Na uwe na saa ya kufunga duka, hata kama duka ni simu.

Ukiumia zaidi ya wiki moja, usijikaze, nenda hospitali. Pakiwa pekundu, pa moto, na una homa, nenda siku hiyohiyo.

Simu ikifa utakopa nyingine. Mkono huo ndio mtaji wenyewe.

Haya, nani bado anaficha bei, na inamlipa nini?