Ruhusa ya Malaba

Januari mwaka 2022, nilipopita Malaba, kijana mmoja wa kwetu Mvita, dereva wa trela, alinijia nje ya msikiti. Alikuwa siku ya tano msururuni, maana kila dereva alitakiwa apimwe korona kabla ya kuingia Uganda. Akaniuliza: "Mzee, hapa nikusuru au nisali kamili?"

Mimi si sheikh. Nimesoma chuoni tu kama wenzangu. Lakini suala lile limenikaa moyoni mpaka leo.

Tazama, ndugu msomaji. Kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa hadi Entebbe, kwa njia ya angani, ni yapata kilomita 900. Jeti ikienda moja kwa moja huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kwa barabara, Mombasa mpaka Malaba peke yake ni kama kilomita 930, na Kampala ingali mbele kwa kilomita 200 na ushei.

Je, aliyeruka kwa raha naye ni msafiri? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alikwisha kulijibu hilo kabla ya ndege: katika Minhaj ameeleza kuwa anayekata masafa ya safari baharini kwa saa moja tu naye hukusuru. Kinachotazamwa ni masafa, marhala mbili, zaidi ya kilomita 80. Si taabu wala saa.

Ama aliyekwama? Katika madhehebu yetu ya Shafii, ajuaye kuwa atakaa mahali siku 4 kamili hakusuru. Lakini anayetaraji kila siku kuondoka, haja yake haijaisha, ana ruhusa mpaka siku 18. Yaani fiqhi imemwona mtu angojaye bila kujua mwisho, ikamhesabu yuko njiani bado.

Nasi tumwone hivyo hivyo. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 ili gari lisimame mara moja badala ya mbili, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini mwaka 2020, na tena 2022, agizo la kupima lilitosha kuyapanga malori kilomita nyingi barabarani. Masafa hayakuongezeka hata shubiri. Zilizoongezeka ni siku, na siku hizo dereva huzila katika posho yake na ya watoto wake.

Rai yangu ni hii: atakayetoa agizo mpakani atangaze pamoja nalo litachukua saa ngapi, maji na choo viko wapi, na nani atalipa siku zilizozidi. Abiria wa ndege huandikiwa saa ya kuondoka na ya kufika. Mchukuzi wa mizigo ya bandari yetu naye ana haki ya saa yake.

Kijana nilimpeleka kwa imamu. Alipotoka alikuwa akicheka: "Ruhusa ya sala nimepata, Mzee. Ya gari bado."