Msemaji wa kuchekesha, atufundishe bei kwanza

Tunasikia kila kisima kitachanga makuta, ili tulete msemaji wa Butembo atufundishe kuuza kwa intaneti. Wanasema anachekesha sana. Kucheka hatukatai, tangu Ebola ya 2018 na hii vita, tumecheka kidogo tu. Lakini atatufundisha kuuza nini? Zahabu ya mchimbaji haiendi kuuzwa kwa Facebook: kodi ya mines inataka tuuzie wanunuzi wenye karte, ao kontwari zenye ruhusa.

Sisi tunamuomba jambo moja. Aonyeshe vijana bei ya London kwa simu, ile inatoka mara mbili kwa siku. Ni bei ya aunsi, ni kusema gramu 31,1. Gawanya, utapata bei ya gramu moja safi kabisa. Zahabu yetu haifiki pale, lakini utabishana na mnunuzi ukijua. Mama zetu wa mchele na mafuta, hao WhatsApp itawasaidia kweli.

Akianza «leta dola 50, nitakurudishia mingi», wazee wanaokumbuka Bindo ya Kinshasa, iliyoanguka 1991, watatoka.

Malipo? Nusu akifika, nusu kisha vijana kupiga ile hesabu mbele yetu.