Silinda Mbili Zina Kosa Gani?

Picha za Honda Hornet mpya zimezunguka kwenye simu za madereva wa kijiwe chetu hapa Mtwara mjini muda mrefu sasa, na kila anayezifungua ana hukumu yake. Wapo wanaoibeza na wapo wanaoiota usiku. Mimi nimeendesha toyo, SanLG na Boxer, na nimelala chini ya pikipiki nikiifungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mengi yanayosemwa kuhusu mashine hii hayana ukweli, na yanayoniuma zaidi ni yale ya wanaoipenda.

Kwanza mashine yenyewe. Jina Hornet Honda walianza kulitumia Japani mwaka 1996 kwenye pikipiki ya CC 250. Mwaka 1998 wakapeleka Ulaya ile ya CC 600 iliyolijengea jina sifa: silinda nne, injini wazi bila kava, bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kujikaza akaifikia. Katikati ya miaka ya 2010 ikaondoka madukani. Mwishoni mwa 2022 Honda wakaonyesha CB750 Hornet, ikaingia sokoni 2023: CC 755, silinda mbili, nguvu za farasi takriban 90, uzito wa kilo 190 ikiwa na mafuta.

Hapo ndipo lawama ya kwanza inapoanzia: “Hiyo si Hornet. Hornet ni silinda nne.” Wanaosema hivi wanadai jina lile lina sheria, na halina. Mwishoni mwa 2015 Honda walitoa India CB Hornet 160R, injini ya silinda moja, ndugu kabisa wa hizi tunazobebea abiria, na hakuna aliyesema jina limenajisiwa. Zaidi ya hapo, tuangalie kazi. Hornet ya mwisho ya CC 600 ilivuta takriban nyutoni-mita 63, na kuipata nguvu hiyo ilibidi injini ilie zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Hii ya silinda mbili inavuta 75, na inazifikia kwenye 7,250. Mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa maana ya namba hizo. Aliyewahi kupandisha magunia mawili ya korosho kwenye kingo za uwanda wa Makonde kwenda Newala anajua kwamba pale mlimani kinachokusaidia ni injini inayovuta mapema. Ile inayosubiri kupiga kelele kwanza itakuacha njiani. Krenki ya hii imepangwa kwa nyuzi 270, ndiyo maana mlio wake unakatika kwa mapigo badala ya kunyooka kama wa mashine ya kushona. Asiyeupenda mlio huo ana haki yake, lakini hilo ni suala la masikio, uhandisi haumo.

La pili: “Haina kava, imeachwa nusu, ndiyo maana ni rahisi.” Hili nalipinga kwa mikono yangu miwili. Pikipiki karibu zote zinazotulisha hapa hazina kava. Njoo Shangani au Mikindani asubuhi, upepo wa bahari ukiwa umelala juu ya vyuma usiku kucha. Fundi ninayemtegemea huanza kazi kwa kopo la mafuta ya taa na brashi ya meno. Anasugua cheni pingili baada ya pingili, mchanga wa Msimbati unadondoka pamoja na kutu nyekundu, kisha anapitisha kidole gumba kwenye kila nati kuona kama chumvi imeanza kuila. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu anaona. Chini ya kava kutu hukaa mwaka mzima mpaka siku bolti inakatikia spanani. Mashine iliyo wazi katika mji wa pwani ni rahisi kuitunza, na sioni upungufu wowote hapo.

“Inakunywa mafuta.” Ndiyo, ukiilinganisha na Boxer. Honda wanataja karibu kilomita 23 kwa lita, na Boxer iliyotunzwa hupita mara mbili ya hapo. Ila anayesema hivyo aseme pia analinganisha kazi gani. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi. Kwa tangi la lita 15.2 unajaza mara moja njiani, tuseme Nangurukuru, na safari nzima imekula lita 25 au pungufu. Gari dogo halikupi hesabu hiyo.

Sasa nije kwa wapenzi wake, maana wao ndio watakaoingia hasara. Wanasema: “Kubwa ni imara. Hiyo ndiyo dawa ya barabara zetu.” Ukubwa wa injini na ustahimilivu wa njia mbovu ni vitu viwili mbalimbali. Barabara ya lami ya kwenda Lindi, sawa, itapaa. Lakini toka Mtwara kuelekea Madimba, halafu endelea mpaka Msimbati, ambako njia huishia ufukweni na magurudumu huzama kwenye mchanga mweupe kama unga. Hornet ina magurudumu ya inchi 17 mbele na nyuma, tairi pana la nyuma lililotengenezwa kwa lami, na uwazi wa chini ya injini wa sentimita 14 tu. Kwenye mchanga ule tairi la mbele litajikata, na kilo 190 zitalala juu ya mguu wako.

Mwaka mmoja nilikuwa Kilambo, nikisubiri kuvuka Ruvuma kwenda upande wa Msumbiji. Maji yalikuwa yamekupwa, tope la mikoko linanuka, na mtumbwi ulisimama hatua kumi kutoka mahali pakavu. Kijana mmoja alikuja na pikipiki yake ya CC 125 na madumu mawili. Alifungua madumu, akaita mwenzake, mmoja akashika usukani na mwingine sehemu ya nyuma, wakaingia topeni hadi magotini. Mwenye mtumbwi aliweka ubao, wakaisukuma ikapanda, wakailaza kwa ubavu juu ya magunia matupu, na kijana akafunga koki ya mafuta kwa vidole viwili ili yasivuje. Kazi yote haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kwa Hornet ungetafuta watu watano na mtumbwi mwingine. Na Honda wenyewe wanalijua hilo: injini ile ile ya CC 755 wameifunga kwenye XL750 Transalp, yenye gurudumu la mbele la inchi 21 na shokapu ndefu, kwa ajili ya wanaotoka nje ya lami. Herufi XL wazee wetu wanazikumbuka kwenye Honda XL125 za mabwana shamba. Wenye kiwanda wametenganisha mashine ya lami na ya vumbi, halafu sisi tunazichanganya.

“Bei nafuu” nayo niiguse. Uingereza ilianza kuuzwa pauni 6,999, karibu shilingi milioni 19 kwa viwango vya wakati ule, kabla ya usafiri na kodi za bandarini. Hizo ni Boxer mpya sita au zaidi. Mtu aliyelipwa korosho zake vizuri msimu huu asidanganywe na neno nafuu. Waliolisema walikuwa wanailinganisha na pikipiki za Ulaya.

Kuhusu spea sitabishana sana, kwa sababu hapa wanaolalamika wana hoja. Niliwahi kununua pikipiki ya chapa ngeni kutoka duka moja, nikaahidiwa kila kitu kipo. Pleti za klachi zilipoisha nilisubiri miezi minne. Ninachokataa ni kauli ya jumla kwamba “Honda haina spea”. XL125 nyingi ziliishi miaka na miaka kwenye vijiji vyetu. Tatizo la Hornet ni mfumo wa umeme na kompyuta, ambavyo fundi wa chini ya mkorosho hana kifaa cha kuvipima.

Imebaki kauli inayorudiwa kuliko zote: “Pikipiki ya farasi 90 ni jeneza.” Boxer BM150 ina farasi 12. Je, wodi zetu zinajazwa na farasi 90? Wanaolazwa wameangushwa na mishikaki ya abiria, kofia iliyotundikwa kwenye kioo, taa iliyokufa, na breki. Hornet inakuja na ABS, kifaa kinachobana na kuachia breki mara nyingi kwa sekunde ili gurudumu lisijifunge. Ulaya modeli mpya za pikipiki za zaidi ya CC 125 zililazimishwa kuwa nayo kuanzia 2016. India, kunakotengenezwa Boxer, ilifuata kwa modeli mpya Aprili 2018. BM150 ina CC 144.8, imepita kabisa kipimo hicho, lakini tunazoendesha huku zimefungwa breki za drum bila kifaa hicho. Kiwanda kinajua kukifunga. Kwa nini mteja wa Mtwara asikidai, na serikali isikiweke kwenye masharti ya kuingiza pikipiki nchini?

Masika yaliyopita mvua ilisukuma mchanga juu ya lami kwenye kona ya kuingia Mikindani. Kijana wa kijiwe chetu alikuwa na abiria mmoja, mama wa samaki na ndoo yake. Mbuzi akakatiza, kijana akabana breki ya mbele. Gurudumu lilijifunga pale pale, likateleza kama sabuni. Mama alichubuka, samaki wakatawanyika hadi mtaroni. Goti la kijana halijakunja vizuri mpaka leo. Alikuwa kwenye CC 150, mwendo wa kwenda sokoni.