Usishushe gia boksi kwanza
Pale Kibiti, kabla hujashika njia ya Nyamisati, fundi akikwambia “gia boksi imekufa, bosi,” usitoe hela. Land Rover 109 kuukuu ikiwa imezimwa gia zinaingia laini, ikiwaka zinagoma? Klachi haiachii: tazama mafuta yake (ni yale yale ya breki), halafu klachi masta ya juu na ya chini, kama zinavuja. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, pleti imelika. Vuta hendibreki, weka namba nne, achia klachi taratibu; injini isipozima, klachi inateleza. Mara moja tu, usiiunguze! Mimi nawalaumu zaidi madereva wanaolaza mguu juu ya pedeli ya klachi toka Ikwiriri mpaka Kibiti.