KURA TULIPIGA 2010, LAKINI MAMA BADO ANAFUKUZWA KAZINI



Hapa Malili, sokoni na ndani ya magari ya asubuhi, kila watu wakianza kuzungumza juu ya Katiba liko neno moja ambalo halikosi kusemwa. Neno lenyewe ni kwamba Katiba ya 2010 ilihalalisha kutoa mimba, na kwa hiyo yafaa tupige kura nyingine ya maoni tuiondoe aibu hiyo. Wako wengine, wachache lakini wenye sauti, wanaoitaka kura hiyo hiyo ili mlango ufunguliwe wazi kabisa. Na ndani ya chama chetu wenyewe wako wanaosema haya ni mambo ya kanisa na hospitali, chama kinyamaze kidai mshahara.

Hatukubaliani na yeyote katika hao watatu, na yule wa tatu ndiye tunayemshangaa zaidi.

Kwanza tusome maandishi, maana wengi wanaopiga kelele hawajayasoma. Kifungu cha 26 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha kinasema kutoa mimba hakuruhusiwi. Isipokuwa nini? Isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Hapo ndipo mwisho. Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza mtaalamu huyo ni nani: daktari, muuguzi, mkunga, au afisa wa kliniki, aliyesomea kazi hiyo. Sasa mtu anayesema kifungu hicho ni ruhusa ya kila mtu kufanya apendavyo, ama hajui kusoma ama anajua na anadanganya.

Wazee wanakumbuka mwaka ule. Rasimu ilitengenezwa na Kamati ya Wataalamu, na mwenyekiti wake alikuwa marehemu Nzamba Kitonga, mwana wa Kitui. Bunge likaipitisha tarehe 1 Aprili 2010. Viongozi wa makanisa mengi wakasimama kuipinga, kwa ajili ya kifungu hiki na kwa ajili ya Mahakama za Kadhi. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu ilikuwa Hapana. Kalonzo Musyoka, wakati ule Makamu wa Rais, alisitasita hata watu wakamwita tikitimaji, kijani nje na nyekundu ndani. Tarehe 4 Agosti tukapanga foleni. Zaidi ya watu milioni 6 wakasema Ndiyo, na karibu milioni 2.8 wakasema Hapana.

Jambo ambalo halikusemwa sana mimbarini ni kwamba karatasi ile ile ilikuwa na Kifungu cha 41: haki ya ujira wa haki, haki ya mazingira mema ya kazi, haki ya kuingia chamani na haki ya kugoma. Katiba ya zamani ilikubali vyama, lakini neno mgomo halikuwamo. Kama tungaliwafuata waliotaka tuitupe karatasi nzima kwa ajili ya mistari mitatu ya kifungu cha 26, tungalikuwa tumeitupa na silaha yetu pamoja. Wale waliokuwa wakituhimiza hawakuwa na cha kupoteza hapo. Askofu hagomi.

Na kura ya pili ingefanya kazi gani? Marufuku tunayo tangu zamani. Sheria ya Adhabu, iliyoandikwa wakati wa ukoloni mwaka 1930, inampa miaka 14 anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 7 mwanamke mwenyewe, na miaka 3 anayetoa dawa au vyombo. Maneno hayo Mwingereza aliyachukua katika sheria yake ya 1861. Mwaka 1967 yeye kwao akabadilisha. Alishona koti jipya, sisi tukabaki tumevaa lile alilolivua. Je, koti hilo limezuia nini? Wizara ya Afya na watafiti walihesabu mwaka 2012: mimba karibu 465,000 zilitolewa katika Kenya mwaka ule mmoja, na wanawake karibu 120,000 walifika hospitalini wakiwa wameumia. Hao ni wale waliofika.

Wizara hiyo hiyo ilikuwa imetoa mwongozo mwaka 2012 wa kuwaonyesha wauguzi namna ya kufuata Katiba. Desemba 2013 ikauondoa, na mwaka 2014 ikakataza mafunzo. Msichana mmoja wa Kisii, aliyenajisiwa akiwa bado mtoto na kisha akaumizwa na mtu asiyesomea kazi hiyo, akafa mwaka 2018 baada ya kuteseka miaka minne. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu wakasema kuuondoa mwongozo ule kulivunja haki. Basi mwone: wananchi walipiga kura, na ofisi moja ya Nairobi ikaitengua kwa barua. Anayetaka kura mpya atueleze kwanza ile ya kwanza ilikwenda wapi.

Tena mwenye fedha hana shida na kura yoyote. Ayalandi, nchi ya Wakatoliki, walipiga marufuku ndani ya katiba kwa kura mwaka 1983, na kwa kura wakaifuta mwaka 2018, asilimia 66 wakikubali. Katika miaka hiyo 35 mwanamke mwenye nauli alivuka bahari kwenda Uingereza. Asiye na nauli alibaki. Kwetu bahari hiyo ni mlango wa hospitali ya kulipia huko Nairobi, ambako haulizwi mtu maswali mengi. Mke wa tajiri anapita. Kibarua wa kike anakwenda kichochoroni jioni baada ya kazi, na kesho yake kama hakuja, nyapara anaita mwingine.

Hapa ndipo tunapomjibu yule anayesema si mambo ya chama.

Tangu ekari 5,000 za Malili Ranch zilipochukuliwa kwa ajili ya mji wa Konza, na Rais Kibaki akazindua ujenzi Januari 2013, watu wamemiminika katika barabara hii wakitafuta kazi. Wengi ni vibarua, na wengi wao ni kina mama. Hatumtaji mwajiri yeyote, kwa maana desturi hii iko kila penye kibarua, Mombasa hata Kisumu. Hakuna barua ya kufukuzwa. Tumbo likionekana, jina halisomwi asubuhi. Anasimama langoni mpaka saa mbili, kisha anarudi nyumbani kwa miguu.

Sheria ya Kazi ya 2007 inasema mwanamke akizaa ana miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, naye anarudi mahali pake. Inasema mimba si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Na sehemu ya 37 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi, na akipitisha miezi miwili mfululizo apate haki zote. Tajiri anaijua sehemu hiyo kuliko sisi. Kwa hiyo anawapumzisha watu siku mbili tatu kabla ya mwezi kutimia, kisha anawaita upya kama wageni. Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani, anapiga makofi mhubiri akilaani wanaoua watoto tumboni.

Wanaume pia wasikilize, kwa kuwa tumezoea kukohoa mambo haya yakitajwa. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyompa mama asiyeolewa njia ya kumshtaki baba wa mtoto ili atoe matunzo. Mwaka 1969 Bunge letu la kwanza, lisilokuwa na mwanamke hata mmoja, likaifuta. Yaani uhuru ulipokuja, kitu kimojawapo ambacho waheshimiwa walijipatia uhuru nacho ni watoto wao wenyewe. Ilibidi kungoja Katiba hii ya 2010, Kifungu cha 53, iseme tena kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Mtu akitaka kampeni ya kuokoa watoto, na aanze kwa kifungu hicho. Kinawahusu watu anaowajua.

Hatusemi kutoa mimba ni jambo jema. Wanachama wetu ni Wakatoliki, ni wa A.I.C., ni Waislamu, na kila mtu ana dini yake na chama hakimwingilii. Tunasema kifungu cha 26 kilipigiwa kura kama kilivyo, kibaki kama kilivyo na kifuatwe: mama aliye hatarini atibiwe bila kuzungushwa na bila polisi kusimama mlangoni. Na yule aliye na afya, anayetaka kuzaa na kulea, asilazimishwe na lango la kazi kuchagua kati ya mtoto na mkate.

Kwa hiyo tawi linaomba mambo mawili yaingizwe katika mapatano yajayo na waajiri: kibarua mwenye mimba apewe kazi nyepesi kwa ujira ule ule, na kuzaa kusimkatie hesabu ya siku zake za kazi. Mwajiri atasema hana vitabu vya vibarua. Basi kila kibarua, mwanamke na mwanamume, aandike kuanzia leo tarehe aliyofanya kazi, jina la nyapara na ujira aliopokea, na alete daftari hilo kwa mwakilishi wa chama kila mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika ataandikiwa.