Picha ya Jani Lenye Maji: Rekebisha Mwanga Shambani, Si Kwenye Simu



Siku hizi ushauri mwingi unaanzia kwenye simu. Mkulima anapiga picha ya jani la nyanya asubuhi na mapema, jani bado lina matone ya umande. Akiitazama anaona ina giza na chenga. Anaongeza mwanga, anaondoa chenga, picha inapendeza, ndipo anatuma na kuuliza: "Mtaalamu, nipulizie dawa gani?"

Msimamo wangu ni huu: picha ya kuombea ushauri isirekebishwe hata kidogo. Mwanga uutafute kabla ya kubonyeza, si baada ya hapo.

Tuanze na chenga. Kamera ikikosa mwanga, simu hulazimika kukuza kile kidogo ilichopata, na kasoro nazo zinakua pamoja nacho. Ukiongeza mwanga baadaye, unakuza chenga zilezile. Ukibonyeza kuondoa chenga, simu inachanganya rangi za vidoa vilivyo jirani ili pawe laini. Simu haijui kipi ni chenga na kipi ni utitiri. Vyote vidogo, vyote vinafutwa.

Tone la maji nalo lina mambo yake. Linaakisi anga na kung'aa kuliko jani lenyewe. Pia linafanya kazi kama lenzi, kwa hiyo doa lililo chini yake linaweza kuonekana kubwa kuliko lilivyo. Na pale palipong'aa mpaka pakawa peupe kabisa, hakuna programu itakayorudisha kilichokuwepo. Sehemu yenye giza kidogo bado unaweza kuambulia kitu. Iliyoungua kwa mwanga imekwenda.

Hasara iko wapi? Chukua bakajani chelewa kwenye nyanya au viazi mviringo. Asubuhi yenye unyevu, upande wa chini wa jani huonekana utando mweupe kama unga mwembamba kuzunguka doa. Hiyo ni dalili kubwa. Ukilainisha picha, utando unapotea. Ukiongeza mwanga mno, unafanana na mng'ao wa maji. Mtaalamu anabaki kubahatisha, na ugonjwa huu hausubiri. Ukipata unyevu na ubaridi, siku chache zinatosha kumaliza shamba.

Au chukua mnyauko bakteria. Tunakata kipande cha shina karibu na ardhi, tunakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa huanza kushuka. Ukipiga picha hiyo mbele ya ukuta mweupe kisha ukaongeza mwanga, nyuzi hazionekani. Mtu anaweza kudhani ni mnyauko wa fangasi, ukaingia dukani kununua dawa ya ukungu. Dawa ya ukungu haitibu bakteria. Pesa imekwenda, na mche mgonjwa bado uko shambani unaambukiza wenzake.

Rangi nayo ni ushahidi. Majani ya chini yakigeuka njano, huenda mmea unakosa naitrojeni. Majani ya mahindi machanga yakiwa na zambarau, tunafikiria fosforasi. Filta ikiyafanya yawe kijani kibichi, umeficha ugonjwa kwa daktari wako mwenyewe.

Wapo wanaoniambia, "Lakini simu yenyewe inarekebisha bila kuulizwa." Ni kweli. Ndiyo maana tuipe mwanga wa kutosha ili isibahatishe sana. Fanya hivi:

1. Zima filta na urembo wote. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu.

2. Subiri kupambazuke vizuri. Jua likiwa kali, kinga jani kwa kivuli cha mwili wako. Usiwashe flashi, inachoma matone.

3. Gusa jani kwenye kioo cha simu. Simu nyingi zitaonyesha alama ya jua. Ishushe kidogo mpaka matone yaache kumeremeta.

4. Shika simu kwa mikono miwili, usivute picha kwa vidole. Sogea mwenyewe, ila usisogee mpaka picha ififie.

5. Piga jani likiwa na umande, kisha pangusa upande wa juu taratibu upige tena. Geuza upige upande wa chini bila kuufuta. Malizia na mmea mzima.

6. Kwa glasi ya mnyauko, weka kitambaa cheusi nyuma, mwanga utoke ubavuni.

7. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, maana picha ya kawaida inabanwa na kupoteza vitu vidogo.

Sasa wewe mfanyabiashara. Kunyunyizia nyanya maji, kupiga picha na kuongeza mwanga mpaka zing'ae, wengi mnaona ni ujanja wa soko. Mimi naona ni hasara iliyocheleweshwa. Mnunuzi anakodi gari kutoka mjini, akifika anakuta nyanya si zile. Anashusha bei palepale, nawe mzigo ulishauvuna, huna pa kuupeleka. Safari ijayo hapokei hata simu yako, na mkulima aliyekuuzia anaumia nawe. Kama picha imetoka na giza kuliko macho yako yalivyoona, ongeza mwanga ifanane na mzigo, uishie hapo.

Picha isiyopendeza lakini ya kweli inaokoa shamba na inatunza wateja. Kesho asubuhi kabla ya kutuma, linganisha picha na jani lililo mkononi. Zikitofautiana, piga upya.